Amepigwa teke, akarudisha kofi: mwamuzi anaamuaje?

Tuseme ni fainali ya kugombea ng'ombe kwenye uwanja wa shule ya msingi huko Katoro. Timu moja ni ya wachimbaji wadogo, nyingine ni ya vijana wa nzengo ya jirani. Matokeo ni 1-1 na zimebaki dakika kumi. Mshambuliaji wa wachimbaji ameingia ndani ya boksi na mpira, amempita beki, na beki anamkata mguu. Kabla filimbi haijalia, mshambuliaji anainuka na kumzaba beki kofi la uso.

Filimbi inalia. Mwamuzi ananyoosha mkono kwenye alama ya penalti, halafu anatoa kadi nyekundu na kumwonyesha yule yule aliyechezewa faulo.

Hapo ndipo watu wanaingia uwanjani. Upande wa beki wanasema: kama mshambuliaji ndiye mkosaji hata akatolewa, penalti inatoka wapi? Upande wa mshambuliaji wanasema: kama penalti ni yetu, mtu wetu anatolewa kwa kosa gani? Kila upande unaona umeibiwa, na kila upande unasema mwamuzi amekula hela ya mwenzake. Kumbe mwamuzi huyo hajakosea popote.

Sheria za soka zinamtaka mwamuzi ajibu maswali mawili, na majibu yake hayategemeani. La kwanza: mpira unaanza upya vipi? La pili: nani anaadhibiwa, na kwa kadi gani?

Swali la kwanza linajibiwa na kosa lililotangulia. Beki alikata mguu kwanza, ndani ya boksi lake, mpira ukiwa mchezoni. Hiyo ni penalti, na kofi lililofuata haliwezi kuifuta. Swali la pili linamhusu kila mtu kwa kosa lake mwenyewe. Kofi la uso ni kosa la vurugu, na adhabu yake ni kadi nyekundu. Beki naye anaweza kupewa njano, au nyekundu, kulingana na teke lake lilivyokuwa. Basi wachimbaji watapiga penalti yao, lakini watamaliza mechi wakiwa kumi.

Geuza mfululizo uone. Mshambuliaji anampiga beki kiwiko kwanza, beki anarudisha teke. Sasa hakuna penalti. Mpira wa adhabu unakwenda kwa timu ya beki, hata kama teke lake lilikuwa baya kuliko kiwiko, na wote wawili wanaweza kutoka kwa nyekundu. Yakitokea makosa mawili kwa wakati mmoja kabisa, mwamuzi anafuata lile lililo zito zaidi.

Kuna jambo la tatu ambalo mashabiki wengi hawalijui, na kwa maoni yangu ndilo linalozaa ugomvi mwingi kuliko yote. Ni hili: mpira ulikuwa mchezoni au ulikuwa umetoka? Timu inasubiri kupiga kona. Watu wanasukumana ndani ya boksi, na kabla kona haijapigwa beki anampiga mtu ngumi. Umati wote unadai penalti. Hakuna penalti hapo. Mpira ulikuwa haujaanza kuchezwa, kwa hiyo beki anatolewa kwa nyekundu na kona inapigwa kama ilivyopangwa. Ngumi ile ile ikitua sekunde moja baada ya kona kupigwa, ni nyekundu pamoja na penalti. Huwezi kuuona uamuzi huo kwa kumtazama aliyeanguka tu. Inabidi ujue mpira ulikuwa wapi.

Na boksi lenyewe? Mstari ni sehemu ya boksi. Faulo ikifanyika juu ya mstari, ni penalti. Kwenye viwanja vyetu mistari huchorwa kwa majivu au chokaa, na kufikia kipindi cha pili imeshafutwa na miguu. Kamati ikimpa mwamuzi debe la majivu arudishie mistari wakati wa mapumziko, itakuwa imempunguzia kazi kuliko ikimwongezea walinzi.

Watu pia hudhani faulo ni lazima iwe kwa mpinzani. Hapana. Beki akimpiga kipa wake mwenyewe ndani ya boksi lao, mpira ukiwa mchezoni, ni nyekundu na ni penalti. Wachezaji wa timu moja kupigana si hadithi. Tarehe 2 Aprili 2005 huko Uingereza, Lee Bowyer na Kieron Dyer, wote wa Newcastle, walizichapa wao kwa wao katikati ya mechi na Aston Villa. Wote wawili walitolewa. Mwenzao mwingine alikuwa ameshapewa nyekundu, hivyo Newcastle walimaliza wakiwa wanane na kufungwa 3-0.

Turudi kwa anayerudisha. Utetezi unaosikika zaidi kando ya uwanja ni "yeye ndiye aliyeanza". Sheria haina kifungu cha kumsamehe mtu kwa sababu alichokozwa. Wala hairuhusu kusema "nilimkosa": kurusha ngumi tu, hata ikapita hewani, kunatosha kuleta nyekundu. Kutema mate ni nyekundu vilevile. Dunia nzima iliona hayo tarehe 9 Julai 2006 mjini Berlin, fainali ya Kombe la Dunia. Marco Materazzi wa Italia alimtolea Zinedine Zidane maneno, Zidane akamgonga kichwa kifuani. Nahodha wa Ufaransa alitolewa dakika ya 110, na Ufaransa ikafungwa kwa matuta. Baadaye FIFA ilimfungia Materazzi mechi mbili kwa maneno yake, na Zidane mechi tatu. Mchokozi aliadhibiwa, ila kombe lilikuwa limeshakwenda Italia.

Si kila mchezo unafikiri hivi. Kuna mpira wa magongo wa kwenye barafu, ambao kwa jirani zetu unachezwa Nairobi, ambako timu ya Kenya Ice Lions ilizaliwa kwenye uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari. Huko neno penalti lina maana nyingine: mchezaji anakwenda kukaa kwenye kibanda kando ya uwanja kwa dakika kadhaa, mara nyingi wenzake wakicheza pungufu. Katika ligi ya kulipwa ya Marekani na Kanada, NHL, wawili wakizichapa hukaa dakika 5 kila mmoja, kisha wanarudi kucheza. Lakini kwenye vyuo vikuu vya Marekani, mchezo huo huo, anayepigana anatolewa moja kwa moja na kukosa mechi inayofuata. Akirudia msimu huo huo, anakosa mbili. Wanafunzi wanabanwa kuliko watu wazima wanaolipwa. Kwenye soka, anayepigana hapelekwi kwenye kibanda cha kupozea hasira. Ukitoka umetoka, na pengo lako halijazwi.

Sasa, kwa nini mara nyingi anaonekana aliyerudisha, halafu aliyeanza anapona? Kambarage pale Shinyanga, wakati Stand United, Chama la Wana, walipokuwa Ligi Kuu, au Nyankumbu wakati Geita Gold walipopanda, mwamuzi wa kati alikuwa na washika vibendera wawili, mwamuzi wa akiba, kamisaa wa mechi na askari. Katika mechi ya kijijini, macho ni mawili tu. Mshika kibendera huenda ni shabiki aliyeombwa dakika ya mwisho. Mwamuzi anaufuata mpira. Kiwiko cha kwanza kinapigwa nyuma ya mgongo wake, kelele zinamfanya ageuke, na anapogeuka anaikuta ngumi ya pili. Hawezi kuadhibu ambalo yeye na wasaidizi wake hawakuliona. Wachokozi wazoefu wanalijua hilo vizuri, na wengine hutumwa kabisa kumchokoza mfungaji wa timu pinzani.

Nahodha anaweza kufanya jambo moja: kumwomba mwamuzi kwa adabu amuulize mshika kibendera wake kabla mchezo haujaanza upya. Mwamuzi anaruhusiwa kubadili uamuzi wake hadi hapo. Mpira ukishapigwa, uamuzi huo haurudi nyuma, hata aje mtu na video kwenye simu yake.

Ugomvi ukiwa wa timu nzima, mwamuzi hasaki kila ngumi. Yeye na wasaidizi wake wanasogea pembeni kidogo, wanaandika namba za jezi, wanatoa kadi hali ikitulia. Waliotoka benchi kuingia kupigana nao wanapata nyekundu. Timu ikibaki na wachezaji pungufu ya saba, mechi haiendelei. Na hapa kuna kosa la kamati nyingi: mwamuzi akivunja mechi, si yeye anayetangaza nani ameshinda. Yeye anaandika ripoti, na waandaaji wa mashindano wanaamua kwa kanuni zao. Kama kanuni hazikuandikwa na kusainiwa na viongozi wa timu kabla ya mechi ya kwanza, ng'ombe atabaki amefungwa kwenye mti na maneno yatakwenda hadi msimu ujao wa kilimo. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: mechi ikivunjika inakuwaje, nani anasikiliza rufaa, na kwa siku ngapi.

Kumgusa mwamuzi ni habari nyingine kabisa. Machi 2012, Yanga walipofungwa 3-1 na Azam, mchezaji wa Yanga aliyempiga mwamuzi alifungiwa mwaka mzima. Hiyo ni adhabu ya mpira. Nje ya mpira kuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungu cha 241 kinasema anayemshambulia mtu na kumsababishia madhara ya mwili anaweza kufungwa hadi miaka mitano. Kifungu hicho hakibagui uwanja na barabara. Aliyeumizwa kwa ngumi, awe mwamuzi, mchezaji au shabiki, aanzie kituo cha polisi achukue PF3, kisha aende hospitali. Akichelewa, ushahidi unapungua kadiri uvimbe unavyoshuka.

Na filimbi ya mwisho haimalizi mamlaka ya mwamuzi. Maadamu bado yuko uwanjani, anaweza kumpa nyekundu mchezaji aliyengoja mechi iishe ndipo arushe ngumi. Huyo hatawaacha wenzake pungufu siku hiyo, lakini ataingia kwenye ripoti, na mechi inayofuata ataitazama akiwa amekaa na mashabiki.