Msongo wa Mawazo: Kwa Nini Mmoja Husimama na Mwingine Huanguka?

Katika ukurasa wetu wa afya mwezi huu tunapenda kuzungumzia jambo ambalo halionekani kwa darubini wala halipimwi kwa damu, lakini linavunja nyumba na kuharibu miili. Nalo ni msongo wa mawazo, yaani ule uzito anaousikia mtu anapoona kuwa yanayomkabili yamezidi uwezo wake.

Tuseme wanaume wawili wamepunguzwa kazi siku moja katika kiwanda kimoja. Wote wana watoto shuleni, na wote wanadaiwa kodi ya nyumba. Mmoja anaanza kurudi usiku akinuka pombe, anampiga mkewe, na anadai kuwa jirani ndiye aliyemroga. Mwingine anakosa usingizi siku kadhaa, analalamika, kisha anakaa na mkewe kupiga hesabu ya akiba waliyo nayo. Shida ni ile ile. Kwa nini basi matokeo hayafanani?

Nafsi nayo hukua

Mama mmoja mtaalamu wa saikolojia, Jane Loevinger (1918–2008), wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi nafsi ya mtu inavyokua. Alitunga kipimo chenye sentensi 36 zilizoachwa nusu, zinazohusu mambo kama kulea watoto, kukosolewa na sheria. Anayepimwa huzimalizia kwa maneno yake mwenyewe.

Kwa majibu hayo, Loevinger aliona kwamba watu hupanda ngazi. Katika ngazi za chini mtu hufuata tamaa ya saa ile, au hujilinda tu, na kila kosa huwa la mwingine. Halafu huja ngazi ya kufuata mkumbo, ambapo hofu kubwa ni “watu watasemaje?” Juu zaidi mtu huanza kujichunguza na kuwajibika kwa matendo yake. Walio juu kabisa huweza kuvumilia mgongano wa mambo ndani yao bila kutafuta wa kumlaumu.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, umri peke yake haumpandishi mtu ngazi. Mvi zaweza kumfunika mtu ambaye nafsi yake imebaki ya kijana. Pili, Loevinger mwenyewe alitahadharisha kwamba kukua nafsi si sawa na kuwa na furaha. Aliyekua huumia kama wengine. Tofauti iko katika anachofanya na maumivu yake.

Ushahidi wa miaka mingi

Mwaka 1938 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walianza kuwafuatilia vijana wa kiume, ambao jumla yao ilifika 268, ili waone maisha yao yatakwendaje. Daktari wa magonjwa ya akili George Vaillant aliuongoza utafiti huo kwa miaka mingi. Hakuona hata mmoja aliyepita maishani bila matatizo.

Mwaka 1979 Vaillant alichapisha matokeo ya kushangaza. Kati ya wanaume 59 waliokuwa na afya nzuri zaidi ya akili kuanzia umri wa miaka 21 hadi 46, ni wawili tu waliopata ugonjwa wa kudumu au kufariki walipofikia miaka 53. Kati ya wale 48 waliokuwa na hali mbaya zaidi, idadi hiyo ilikuwa 18. Hata alipoondoa athari za pombe, tumbaku, unene na umri walioishi wazee wao, uhusiano huo ulibaki.

Msomaji atauliza: je, hao si wasomi wenye nafasi? Ni kweli. Lakini Vaillant alichunguza pia kundi la wanaume 456 waliokulia katika mitaa ya maskini ya mji wa Boston. Huko nako aliwakuta waliojua kubeba shida kwa ukomavu, na wala haikutegemea shule waliyosoma au kipato cha wazazi wao.

Njia tano za watu waliokomaa

Vaillant alizitaja njia tano ambazo watu hao huzitumia.

1. Kujiandaa mapema. Mtu anajua ada italipwa mwezi wa kwanza, naye huanza kuifikiria kabla haijamfika shingoni.

2. Kuweka jambo kando kwa makusudi. Hasemi halipo. Husema, “Hili nitalishughulikia kesho asubuhi,” na kesho hulishughulikia kweli.

3. Kuigeuza hasira kuwa kazi. Uchungu uleule unaoweza kurusha ngumi waweza kushika jembe, randa au kalamu.

4. Kuwatendea wengine lile ambalo yeye mwenyewe angelihitaji. Mjane anayemtembelea mjane mwenzake huondoka naye amepata nafuu.

5. Ucheshi usiomuumiza mtu. Kuicheka hali ngumu bila kuikana hupunguza ukali wake.

Njia changa nazo tunazijua: kumsingizia mwingine, kulipuka, kununa na kufanya kinyume kwa chinichini, au kukimbilia ndotoni. Hizi humpa mwenye shida nafuu ya muda mfupi, lakini gharama hulipwa na mke, watoto na majirani. Ndiyo maana wahenga walisema hasira hasara.

Tufanye nini?

Tusimhukumu aliye katika ngazi ya chini. Vaillant aliwaona wanaume walioacha njia changa na kuzishika zilizokomaa katika utu uzima, kwa hiyo mlango haufungwi utotoni. Tuanze na hatua ndogo: shida inapotupata, kabla ya kuuliza “nani kanifanyia hivi?” tujiulize “nifanye nini leo?” Kisha tumtafute mtu mmoja wa kuaminika tumweleze.

Lakini kama usingizi na hamu ya chakula vimepotea kwa zaidi ya wiki mbili, kama pombe imekuwa ndiyo dawa, au kama mtu anasema heri afe, asiachwe peke yake wala asiambiwe ajikaze. Apelekwe hospitali haraka kama anavyopelekwa mwenye malaria kali. Msongo uliozidi ni ugonjwa, na unatibika.