Mashine ya Kupura Ndengu na Kazi ya Vibarua

Wewe mwenye shamba Makueni au Kitui, huenda umekwisha kuona mashine ya kupura ndengu ikifanya kazi kijijini wakati wa mavuno. Maganda makavu hutiwa juu, pipa la chuma lenye meno huyapiga likizunguka, na feni hupeperusha makapi. Kazi ya siku nyingi ya fimbo na ungo huisha kwa saa chache.

Lakini jirani yako aliyeshika fimbo hiyo alilipwa ujira, na kwa ujira huo alinunua unga. Je, yeye atafanya nini? Jambo hili si la kuchezea. Huko Kericho, mwezi wa Mei 2023, watu waliteketeza mashine za kuchuma chai wakisema zimewanyang'anya kazi.

Hata hivyo mashine hizi si sawa. Ile ya chai huchukua kazi ya kuchuma yenyewe. Hii ya ndengu huchukua kupura tu. Maganda ya ndengu hayakauki yote kwa siku moja. Mengine huwa meusi na mengine bado ni ya kijani, basi ni mkono wa mtu unaochagua, na mara nyingi hurudi shambani tena. Kwa hiyo, ukipanda ekari tatu mahali pa moja kwa sababu kupura hakukutishi tena, utahitaji watu wengi zaidi wa kupalilia na kuchuma. Ukibaki na ekari ile ile moja, jirani amepoteza siku zake za kazi bure.

Tena, tazama mashine ni ya nani. Ikiwa mwenyewe atoka mbali, fedha za kupura huondoka pamoja naye. Mwethya wenu, uliozoea kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na maji, waweza kuchanga fedha na kununua moja, na vijana wenu wafundishwe kuiendesha na kuitengeneza. Huo ni ufundi hasa, maana pipa likizunguka mbio kupita kiasi ndengu hupasuka, na mnunuzi hupunguza bei.

Basi hesabu ujira uliolipa msimu uliopita, uulinganishe na malipo ya mashine kwa kila gunia. Ukiamua kuikodi, mwambie jirani yako kabla ya mvua za Oktoba, wala usingoje siku mashine inapofika uani, ili ajue mapema kama utamhitaji kwa kuchuma.