Arubaini yamalizika, presha bado ipo

Hapa kwetu Pwani mja mzito akivimba miguu hakosi mtu wa kumwambia ni kawaida. Akilalamika kichwa, ataambiwa ni jua la Mombasa, anywe maji ya dafu ajilaze. Akisema aona nyota nyota, ataulizwa kama amekula. Na mara nyingi wasemao hivyo wako sawa, kwa kuwa mimba kweli huvimbisha miguu na jua letu kweli laumiza kichwa. Shida ni ile mara moja ambayo hawako sawa. Presha ya mimba haiji na sura yake yenyewe. Huja imevaa nguo za uchovu wa kawaida, na huwezi kuitambua kwa macho wala kwa uzoefu wa kuzaa watoto saba. Hutambulika kwa kupimwa.

Ni kipimo cha dakika chache. Mama hufungwa ukanda mkononi, zikasomwa namba mbili. Ikiwa ya juu imefika 140 au ya chini imefika 90, na zikarudi hivyo hivyo baada ya kupimwa tena saa kadhaa baadaye, hiyo ni presha. Ikifika 160 kwa 110, hilo si la kusubiri kesho. Kisha kuna ule mkojo tunaoombwa tuutie kwenye kikopo, ambao wengi wetu twaona ni usumbufu. Wasaka protini. Protini ikionekana pamoja na presha baada ya wiki ya 20 ya mimba, huo ndio ugonjwa madaktari wauitao priklampsia, na ukipanda kichwani mgonjwa hushikwa na degedege. Hicho ndicho kifafa cha mimba.

Asili yake iko kwenye kondo la nyuma. Mimba ikiwa changa, kondo hujishika kwenye kizazi na mishipa ya damu ya hapo hupanuka ili mtoto apate damu ya kutosha. Kwa baadhi ya wanawake mishipa hiyo haipanuki ipasavyo. Kondo hukaa na njaa ya damu, likaanza kumwaga vitu kwenye damu ya mama ambavyo huumiza utando wa ndani wa mishipa, na si ya tumboni pekee bali ya mwili mzima. Mishipa hukaza, presha ikapanda. Huvuja, uso na mikono vikavimba. Figo huachilia protini. Ini huuma chini ya mbavu za kulia, maumivu ambayo mama hudhani ni kiungulia. Kwa hivyo wale wanaomlaumu mja mzito kwamba amejiletea kwa hasira au kwa kula achari na papa mkavu, tafadhali mpumzisheni. Chumvi nyingi si nzuri kwa mtu yeyote, lakini si chumvi iliyoleta priklampsia. Wala si mkwe, ingawa wakwe wengine nao wana vipimo vyao.

Na ugonjwa huu haujali kama mtu ana nguvu. Wapenzi wa riadha watamkumbuka Tori Bowie, Mmarekani aliyeshinda mita 100 kwenye mashindano ya dunia ya London mwaka 2017. Mwaka 2023 alikutwa amefariki nyumbani kwake, mimba yake ikiwa ya miezi minane, akiwa na umri wa miaka 32. Ripoti ya uchunguzi wa mwili ilitaja kifafa cha mimba miongoni mwa yanayowezekana kuwa yalimwua. Mwenzake wa mbio, Allyson Felix, aliugua priklampsia kali mwaka 2018, akapasuliwa kwa dharura katika wiki ya 32, akapona yeye na bintiye. Tofauti ni kwamba Felix alikuwa amekwenda kupimwa kliniki, wakaona namba.

Sasa niseme lile ambalo kwetu lina uzito wake. Mja mzito akianguka, akakaza meno, macho yakageuka, povu likamtoka, wapo watakaosema amepagawa. Ataitwa mwalimu, litaandikwa kombe, utafukizwa ubani, na saa zaenda. Sidharau kisomo, mimi ni Muislamu na nyumbani kwangu hakipiti kitu bila Ya-Sin. Lakini dini yetu hiyo hiyo yatuamrisha kutafuta dawa. Kisomo chaweza kusomwa ndani ya tuktuk, ndani ya boti kutoka Pate, ndani ya ambulensi. Mwenye kifafa cha mimba alazwe ubavu, wa kushoto ndio bora, asitiwe kijiko wala kidole mdomoni, asinyweshwe chochote, apelekwe hospitali palepale.

Huko kuna sindano iitwayo magnesiamu salfeti. Ni dawa ya zamani, si ghali, na mama atahisi mwili wote wawaka moto ikiingia, lakini ndiyo kinga na tiba ya degedege hizo. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33, ulionyesha yapunguza kwa nusu uwezekano wa mwenye priklampsia kupata kifafa. Saa mbili mtu alizokaa akifukizwa ni saa mbili bila sindano hiyo.

Lakini jambo lililonisukuma kuandika ni arubaini.

Twajua sote desturi yetu. Mwanamke akizaa hukaa ndani siku arubaini. Hukandwa kwa maji ya moto, hufungwa tumbo kwa kanga, hunyweshwa uji wa pilipili manga na supu, wageni huja na sabuni na pesa za mtoto. Ni desturi njema na natamani isife, maana mwanamke wa mjini siku hizi yuarudi kazini kidonda hakijakauka. Tatizo ni imani iliyoshikana nayo, kwamba mtoto akishatoka basi hatari ya mama imetoka naye. Si kweli. Kondo likitoka ugonjwa huanza kupoa, ila haupoi siku moja. Yale maji yaliyovuja nje ya mishipa wakati wa mimba huanza kurudi ndani ya damu, na presha mara nyingi hufika kilele chake kati ya siku ya tatu na ya sita baada ya kuzaa. Angalia hesabu hiyo. Wengi wetu hutolewa hospitali siku ya kwanza au ya pili. Kilele kinamkuta mama chumbani, mlango umeshindikwa, pembeni yake bibi mkandaji ambaye hana mashine. Na priklampsia na kifafa chake vyaweza kuja hadi wiki ya sita baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye presha yake ilikuwa sawa mimba nzima.

Dadangu mmoja, mtoto wa mamangu mdogo, alikufa hivyo. Siku ya tisa. Kichwa kilikuwa kimemwuma siku mbili, akafungwa kitambaa na kupakwa mafuta ya karafuu, kwa kuwa ilionekana amepigwa na upepo wa mlangoni. Hakuna aliyemfanyia ubaya, kila mtu nyumba ile alimpenda. Mtoto wake sasa yuko darasa la sita.

Nami baada ya mtoto wangu wa pili niliruhusiwa kutoka hospitali moja asubuhi ya siku ya pili. Mimba ile nilikuwa nimemeza dawa za presha tangu mwezi wa saba. Hakuna aliyenipima siku ile ya kutoka, wala aliyeniambia nirudi lini kwa ajili yangu mimi. Niliandikiwa tarehe ya chanjo ya mtoto. Jirani yangu muuguzi ndiye aliyekuja na mashine yake siku ya nne, akakuta 168 kwa 112, nikarudishwa usiku huohuo.

Nasema wazi: kukaa arubaini hakumkatazi mtu kwenda hospitali. Nifasi humwondolea mwanamke sala na funga, haimfungi ndani. Hata mwenye eda ana ruhusa ya kutoka kwa dharura ya matibabu, sembuse mzazi. Kwa hesabu ya kliniki zetu mama apaswa kuonekana ndani ya saa 48 za mwanzo, kisha wiki ya kwanza au ya pili, kisha karibu na wiki ya sita. Aliyekuwa na presha apimwe zaidi ya hapo, hasa wiki ile ya kwanza. Akija mkunga au mhudumu wa afya wa mtaa nyumbani, sawa. Akienda yeye kwa tuktuk akajitanda buibui lake, sawa pia. Yule mkandaji naye afundishwe maneno machache tu: kichwa kisichosikia dawa, macho kuingia ukungu, maumivu juu ya tumbo, pumzi kukata. Akisikia moja kati ya hayo aache kukanda, aite gari.

Hiyo pumzi kukata ina kisa chake. Kuna ugonjwa wa moyo wa uzazi, ambao misuli ya moyo hulegea kati ya mwezi wa mwisho wa mimba na miezi mitano baada ya kuzaa. Waliopata priklampsia wako karibu nao zaidi. Mama hawezi kulala chali bila mito mitatu, huamka usiku akitafuta hewa, hukohoa, miguu huzidi kuvimba badala ya kupungua. Nyumbani huitwa uchovu wa kunyonyesha. Picha ya moyo, wanayoiita eko, ndiyo huonyesha, na wengi hupona wakiwahi dawa.

Kuhusu dawa, usiazime. Naona nyumba ambazo mama mkwe ana presha, mkaza mwana akipanda presha humegewa vidonge vya bibi. Vidonge vya bibi aghalabu ni enalapril au losartan, na hivyo humdhuru mtoto tumboni, hasa figo zake. Mja mzito ana dawa zake zilizojaribiwa: methyldopa, nifedipine, labetalol. Akishazaa daktari aweza kumbadilishia, na zipo zinazofaa kwa anayenyonyesha, kwa hivyo hakuna sababu ya kuchagua kati ya titi na dawa. Anayemeza dawa za presha kabla ya mimba asiziache ghafla akijua ameshika mimba, bali aende akabadilishiwe wiki hiyo hiyo.

Ipo pia aspirini ya kipimo kidogo. Kwa aliyewahi kupata priklampsia, mwenye presha ya zamani, mwenye sukari au ugonjwa wa figo, mwenye mimba ya pacha, kidonge hicho hupunguza uwezekano wa ugonjwa kuja. Lakini chataka kuanzwa mapema, baada ya wiki ya 12, na bora kabla ya wiki ya 16. Hapa ndipo tunapokwaana na mila nyingine yetu, kwamba mimba haisemwi mpaka ijioneshe yenyewe, kwa kuogopa hasidi. Mwanamke huja kliniki mara ya kwanza miezi mitano imepita, na wakati mzuri wa kidonge umepita nao. Majirani wafiche, ni haki yako. Muuguzi si jirani.

Wanaume wa baraza, msiruke sehemu hii. Mashine ya kupimia presha ya mkononi ni kitu ambacho familia chache zikichanga zamudu, na chama chochote cha akina mama chaweza kuwa na moja ya mtaa mzima. Mpimwaji akae kwenye kiti, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, apumzike dakika tano, mkono uwe usawa wa moyo. Mnene wa mkono atafutiwe ukanda mpana, la sivyo namba hudanganya. Andikeni kila namba kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto. Na usajili wa SHA, uliochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024, ukamilisheni mimba ingali changa. Mlango wa chumba cha upasuaji si pahala pa kuanza kutafuta kitambulisho.

Ramadhani ikikuta mja mzito au mzazi anayenyonyesha, mwenye dawa za presha za kumezwa mara tatu kwa siku, sheria imeshampa ruhusa ya kula. Aulize daktari kuhusu mwili wake na shekhe kuhusu kulipa.

Mimi sasa nimepita arubaini ya umri. Kijana wangu wa pili amenipita urefu, na presha imerudi miaka mitatu sasa, bila mimba. Sikushangaa. Tafiti zilizokusanywa pamoja zaonyesha aliyepata priklampsia ana uwezekano wa karibu mara mbili wa ugonjwa wa moyo au kiharusi kuliko mwenzake, na kama mara nne wa moyo kushindwa kazi. Kwa hivyo nikienda kwa daktari kwa jambo lolote, hata kikohozi, humwambia kwanza nilikuwa na presha ya uzazi. Wengi huwa hawaulizi. Hunipima, huandika, mara moja kwa mwaka hunichukua damu ya sukari na mafuta. Natembea jioni na wenzangu baada ya Alasiri, na chapati nimepunguza, si kama nilivyoambiwa lakini nimepunguza.

Ukiwa na mamako, dadako au mkeo aliyezaa mwezi huu, leo ni siku ya ngapi, na mara ya mwisho amepimwa lini?