Muhtasari wa Chuo Uanze kwa Mwanafunzi

Kila unapotungwa muhtasari wa masomo ya chuo, swali la kwanza mezani huwa: tufundishe nini? Twaona yafaa litanguliwe na jingine: huyu anayekuja, hujifunzaje?

Twavifikiria hasa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanzishwa mwaka 1975 kwa kufuata mfano wa vyuo vya watu wazima vya Uswidi. Mkoani Lindi vipo Kilwa Masoko na Chilala. Aingiaye vyuo vya namna hii aghalabu amekwisha kulima ufuta, kubangua korosho au kuvuta nyavu. Kumwanzishia ufundi kwa majuma ya kunakili maelezo ubaoni ni kumfanya mtoto. Naye huondoka kimya kimya, na ada imekwenda.

Wala njia bora si ngeni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu kama milioni 2 nchini walikaa katika vikundi. Walisikiliza redio, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana juu ya maradhi ya kijijini mwao wenyewe, kisha wakaazimia la kufanya. Aliyetaka kupima kama wamejifunza aliweza kwenda kuhesabu vyoo vilivyochimbwa. Mafundi wa majahazi wa pwani yetu nao hawamwandikii mwanagenzi maelezo. Humpa keekee, akakosea, akaonyeshwa, akarudia.

Wapo watakaotujibu kwamba tunaidharau nadharia. La, hasha! Fundi umeme asiyeijua nadharia ataua mtu. Twasema tu kwamba nadharia ije pale kazi inapoidai, tena irudiwe mara kwa mara. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu mwaka 1885 jinsi lisilorudiwa linavyosahaulika upesi. Muhtasari unaomaliza mada mwezi Machi na kuikumbuka tena siku ya mtihani wamwacha mwanafunzi asahau, halafu wamlaumu kwa kusahau.

Watungaji na waketi na walimu wa karakana, pamoja na wanafunzi waliokwisha kuhitimu, kabla ya kuandika mstari wa kwanza. Na kalenda nayo itazamwe. Korosho huokotwa miezi ya mwisho wa mwaka, na mtu mzima mwenye mikorosho yake hawezi kuiacha ioze chini ili awahi darasani. Kozi fupi zipangwe baada ya mavuno, wakati mfukoni mna ada.