Unaenda India kutibiwa? Anza na chanjo, kisha viza

MGONJWA akishaambiwa kwamba matibabu yake yako India, jambo la kwanza kushughulikiwa na jamaa zake huwa ni pesa. Harambee huitishwa, ng'ombe huuzwa na wakati mwingine shamba huwekwa rehani. Stakabadhi za safari huachwa hadi siku za mwisho.

Hilo ni kosa, kwa sababu mojawapo ya stakabadhi hizo inahusu mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

India ina mbu wanaoweza kueneza ugonjwa huu, lakini ugonjwa wenyewe haupo huko, na ndiyo sababu nchi hiyo hujilinda kwa ukali. Msafiri kutoka Kenya anayewasili bila cheti halali anaweza kuwekwa karantini kwa muda wa hadi siku 6. Kwa mgonjwa wa saratani au wa figo, siku hizo ni nyingi mno.

Cheti huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa kwa mara ya kwanza. Tangu Julai 2016, chanjo moja hutosha maisha yote, hata kama cheti chako cha zamani kimeandikwa miaka 10. Usinunue cheti bila kuchanjwa. Karatasi haizuii ugonjwa.

Si wote wanaofaa kuchanjwa

Chanjo hii hutengenezwa kwa virusi hai vilivyodhoofishwa. Mtu mwenye afya huimudu bila shida. Lakini inaweza kumdhuru mtu ambaye kinga yake ya mwili imepungua sana, kama vile anayetumia dawa kali za saratani, aliyepandikizwa kiungo, au mwenye virusi vya Ukimwi ambaye kinga yake iko chini. Wenye mzio mkali wa mayai na watoto wachanga pia hawachanjwi, nao waliotimiza miaka 60 wapimwe kwanza na daktari.

Kwa hivyo, mara tu safari inapotajwa, mwulize daktari kuhusu chanjo, hasa kabla ya kuanza dawa za saratani. Akiona haikufai, ataandika barua kwa Kiingereza akieleza sababu. Hata hivyo, barua hiyo haikuhakikishii kupita. Maafisa wa afya wa India ndio huamua, na wanaweza bado kukutenga. Ulizia ubalozi wa India jijini Nairobi kabla ya kulipia tikiti.

Watakaokusindikiza nao pia wanahitaji cheti.

Viza ipi?

Mgonjwa anafaa kuomba viza ya matibabu wala si ya utalii. Ile inayoombwa kwa njia ya intaneti humruhusu kukaa siku 60 tangu alipowasili, na kuingia nchini humo mara 3. Ombi lipelekwe angalau siku 4 kabla ya kuwasili, ingawa ni busara kujipa muda zaidi. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha na kurasa 2 tupu. Ombi liambatane na barua ya hospitali itakayokupokea, yenye nembo yake.

Watu wasiozidi 2 wanaweza kumsindikiza mgonjwa kwa viza yao maalum, inayotegemea ya mgonjwa. Ada hairudishwi ombi likikataliwa. Jihadhari na tovuti za walaghai: anwani ya serikali ya India huishia kwa gov.in.

Kwa matibabu marefu, ulizia ubalozini viza ya kawaida ya matibabu.

Wanaohitaji figo

Upandikizaji wa viungo hufanywa kwa mwenye viza ya matibabu pekee, na husimamiwa na sheria ya mwaka wa 1994 inayoharamisha biashara ya viungo. Mtoaji na mpokeaji wakiwa wageni, kamati maalum huwahoji kwanza, na uhusiano wao huthibitishwa kupitia ubalozi wa nchi yao. Bebeni vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vitambulisho. Lakini kabla ya yote, ulizia nyumbani: hospitali za Kenyatta, Nairobi, na Moi, Eldoret, hupandikiza figo.

Siku ya safari

Beba dawa zako mkononi, zikiwa katika pakiti zake, pamoja na karatasi ya daktari. Mgonjwa aliyezidiwa apate barua ya daktari inayosema anaweza kusafiri kwa ndege. Vilevile, usiweke tarehe ya kurudi kabla daktari wa huko hajakuruhusu, kwani baada ya upasuaji mwili huhitaji muda kabla ya kupanda ndege.

Panga tarehe kuanzia ile ya kulazwa, ukirudi nyuma: ndege, viza, kisha zile siku 10 za chanjo. Harambee inaweza kuendelea huku karatasi zikishughulikiwa. Ugonjwa hausubiri vyote viwili.