Nyonga Iliyochakaa na Upasuaji wa Matundu Madogo

Askari aliyepanda na kushuka vilima vya Rusizi miaka 20, mzigo mgongoni, huanza kuitambua nyonga yake siku anaposhindwa kufunga kamba za viatu. Ndipo husikia kwa wenzake sifa za upasuaji wa matundu madogo: kovu dogo, na kurudi kazini mapema. Sifa hizo zina ukweli, lakini si kwa kila nyonga.

Katika upasuaji huo mguu huvutwa ili kichwa cha mfupa wa paja kiachane kidogo na kikombe chake, kisha kamera nyembamba hupenyezwa ndani. Daktari aweza kushona ukingo wa gegedu uliochanika, au kuchonga mfupa uliozidi. Kazi hiyo huwafaa hasa vijana ambao gegedu lao lingali zima. Lililokwisha kulika kwa ugonjwa wa maungio halirudishwi na kamera.

Kwa hiyo kinachoamua ni picha ya eksirei. Nafasi kati ya mifupa ikipungua chini ya milimita 2, wapasuaji wengi hukataa, kwani mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hurudi baada ya miaka michache kubadilishiwa nyonga nzima. Kuhusu goti, jambo kama hilo lilipimwa mjini Houston, Marekani, katika hospitali ya askari wa zamani. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: kati ya wagonjwa 180, waliosafishwa goti kwa kamera hawakupata nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu.

Kubadilisha nyonga, kazi iliyoimarishwa na John Charnley wa Uingereza tangu 1962, ndiyo tiba ya nyonga iliyokwisha. Lakini chuma na plastiki navyo huchakaa, na askari wa miaka 40 aweza kuhitaji upasuaji wa pili. Ndiyo maana wengi hushauriwa kwanza kupunguza uzito, kufanya mazoezi, na kushika fimbo kwa mkono ulio upande wa nyonga nzima. Wenye vyeo huionea haya fimbo hiyo, bila sababu.

Mgonjwa wa Rusizi huanzia Gihundwe au Mibilizi, kabla ya safari ndefu ya kupita msitu wa Nyungwe kwenda Kigali. Kabla ya kuuza ng'ombe, amwulize daktari: nafasi imebaki milimita ngapi?