Franga za kununua kiwanja: tukope kwa nani, na kwa karatasi gani?

Katika vikundi vyetu jambo hili linarudi kila mwisho wa mzunguko. Sanduku linafunguliwa, kila mmoja anapokea akiba yake, anaihesabu na kuona kwamba bei ya kiwanja haijatimia. Inapunguka kidogo tu. Na mwenye kuuza anasema kuna mtu mwingine anakuja kesho na franga zote mkononi. Hapo ndipo wengi wanakimbilia deni.

Kukopa si dhambi, na kiwanja kinaweza kuinua jamaa nzima. Lakini kiwanja na nyumba huleta franga polepole, mwezi kwa mwezi. Deni linalodai kurudishwa haraka haliwezi kulipwa na kitu kinachozaa polepole. Kabla ya kuuliza nani atanikopesha, mama ajiulize: deni hili litalipwa na kitu gani, na kwa muda gani?

Hesabu ya Banque Lambert

Sote tunaijua Banque Lambert. Jina ni la benki, lakini hakuna dirisha wala kitabu. Ni mtu mwenye franga zake nyumbani. Anatoa siku ileile, haulizi mengi, na riba yake ni ya mwezi, si ya mwaka.

Tuchukue mfano. Mama anapungukiwa dola 1.000. Anazikopa kwa riba ya 30 kwa mia kila mwezi, akitumaini kulipa na kodi ya vyumba viwili alivyo navyo. Kila chumba kinaleta dola 50, maana yake dola 100 kwa mwezi. Lakini riba peke yake ni dola 300 kwa mwezi. Akishindwa kulipa na riba ikaongezwa juu ya deni, mwezi wa kwanza anadaiwa 1.300, wa pili 1.690, na wa tatu 2.197. Kwa miezi mitatu deni limepita mara mbili, na vyumba vyake vimeleta dola 300 tu. Wazee walisema kweli: kukopa harusi, kulipa matanga.

Anayenunua bidhaa asubuhi na kuziuza zote jioni pengine atatoka katika deni la namna hiyo. Anayenunua ardhi hatoki.

Sanduku letu linaweza nini

Vikundi vya AVEC tunavyovijua vilianza nchini Niger mwaka 1991, kati ya wanawake wa vijijini, kwa msaada wa shirika la CARE. Mpango wake wa kawaida ni huu: watu 15 hadi 25, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mgawanyo baada ya miezi 9 hadi 12. Kwa kawaida mwanachama hakopi zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na mikopo mingi hurudishwa ndani ya miezi mitatu.

Faida kubwa ya sanduku ni hii: riba unayoilipa inarudi kwenu wenyewe siku ya mgawanyo. Lakini muda ni mfupi. Mama akikopa dola 1.000 kwa 5 kwa mia, akirudisha kwa miezi mitatu, mwezi wa kwanza atatoa karibu dola 383. Si kila nyumba inaweza. Kwa hiyo mkopo wa AVEC ufanye kazi yake: uingie katika unga, samaki, vitenge, mafuta, vitu vinavyozunguka haraka. Faida ya biashara hiyo, pamoja na fungu la mwisho wa mzunguko, ndiyo iende kwenye kiwanja.

Likelemba, ambayo wengine wanaiita kirimba, ina nguvu yake pia. Wamama 20 wakitoa dola 10 kila juma, kila juma mmoja anapokea dola 200. Mwenye zamu ya kwanza amekopeshwa na wenzake bila riba. Mwenye zamu ya mwisho amejiwekea akiba. Basi wakati wa kupanga zamu, anayenunua kiwanja aseme mapema tarehe anayotakiwa kulipa, ili zamu yake iangukie hapo. Hata ujenzi unaweza kwenda hivyo: zamu moja msingi, nyingine matofali, nyingine mabati.

Tusisahau mkopeshaji mwingine: mwenye kuuza mwenyewe. Akikubali kulipwa kwa mafungu matatu au manne, amekukopesha, na mara nyingi bila riba. Mkataba uandike bei yote, kilichotolewa, kilichobaki, tarehe za mafungu, na jambo la mwisho ambalo wengi hulisahau: mnunuzi akichelewa, je, franga alizokwisha kutoa zitarudi?

Garanti ya mpangaji ni deni

Kuna wenye nyumba wanaomaliza ujenzi kwa garanti ya wapangaji. Wanapokea miezi sita, hata kumi, wanapiga sementi na kupaka rangi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kuishi isipite miezi mitatu, na ya nyumba ya biashara isipite miezi sita. Na garanti si kodi. Ni franga za mtu, utazirudisha siku atakapohama. Mama aliyezitumia zote bila kuweka kitu pembeni atajikuta anakopa Banque Lambert ili amlipe mpangaji.

Karatasi inayokuponza, karatasi inayokulinda

Mtego mkubwa uko hapa. Mkopeshaji anaomba rehani. Badala ya karatasi ya deni, anakuletea karatasi ya mauzo: usaini kwamba umemuuzia nyumba yako, na ukilipa ataichana. Siku ukichelewa, yeye si mdai tena, anajitokeza kama mnunuzi, na sahihi yako ndiyo ushahidi wake. Mama, usisaini mauzo kwa ajili ya deni. Deni liandikwe kama deni: kiasi, riba, tarehe, mashahidi wa pande zote mbili. Kila malipo yapate risiti. Rehani ya kweli ya nyumba huandikwa juu ya sertifika mbele ya konservatere, haifanywi sebuleni.

Kwa upande wa kununua, tukumbuke sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973. Udongo ni wa Serikali; sisi tunapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na sertifika inayotolewa na konservatere. Karatasi iliyosainiwa kwa shefu wa kartie inasaidia kuonyesha historia ya kiwanja, lakini haikufanyi mwenye haki. Kabla ya kutoa fungu la kwanza, nenda ofisi ya ardhi uulize kiwanja kiko kwa jina la nani na kama kina rehani. Na usikawie kutafuta sertifika yako. Mtu mwingine akiipata mbele yako, baada ya miaka miwili haiwezi tena kupingwa; utabaki kudai fidia tu.

Juu ya jina: tangu Kodi ya Familia iliporekebishwa tarehe 15 Julai 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume. Sheria inasema mume na mke wapatane juu ya mikataba inayowafunga. Kwa hiyo mume asiweke nyumba rehani bila mke kujua, na mke vilevile. Sahihi ziwe mbili.

Kikundi kikitaka kununua pamoja, jambo hili ni zito zaidi. Kiwanja kikiandikwa kwa jina la mama prezida, siku akifariki watoto wake watasema ni urithi wao, na karatasi itawapa haki. Kikundi kitafute kwanza utu wa kisheria chini ya sheria ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyo ya faida, au kila mama anunue kipande chake kwa jina lake.

Kwa mkutano ujao

Kabla ya kufungua sanduku, kila mama anayefikiri kukopa kwa ajili ya kiwanja ajibu mbele ya wenzake: Deni litalipwa na kazi gani? Kazi hiyo inaleta kiasi gani kwa mwezi, katika mwezi mbaya, si katika mwezi mzuri? Karatasi nitakayosaini ni ya deni au ya mauzo? Jina la nani litakuwa juu ya sertifika?

Akikosa jibu la swali moja, wenzake wamsaidie kungoja mzunguko mmoja zaidi. Kiwanja kingine kitapatikana, lakini nyumba iliyokwenda kwa mdai ni vigumu kurudi.